Bawaba wa Lini

...haya, hebu jengeni picha ya ulingo, anasema fundi viatu, na mimi ninaijenga, maana miaka yote nimewaambia watoto wa darasa la kwanza wafumbe macho wamwone sungura kwanza ndipo niandike sungura ubaoni, siwezi tena kuambiwa nione kitu nisikione, kwa hiyo ninauona, kamba, taa kali, ndoo ya maji kwenye kila kona, kona hii yupo Kipanga, bingwa wa sasa, kona ile yupo Bawaba, bingwa wa enzi zetu, anasema fundi, na anaelekeza sindano yake ukutani, kwenye misumari vinakoning'inia viatu vya watu, kana kwamba Bawaba amesimama pale... na Bawaba hayupo pale, Bawaba amekaa nami kwenye benchi, bega lake limeegemea langu, mfuko mtupu wa viatu ameukunja vizuri juu ya magoti, ni mume wangu, na hivyo viatu vya ngumi vilivyo mapajani mwa fundi ni vyake, amevileta vitiwe soli mpya kwa ajili ya pambano la maonyesho, yeye na huyo Kipanga, raundi tatu tu, glavu kubwa, kwa upole, kama alivyosema promota, na asubuhi hii, yeye akiwa uani anavipaka mafuta viatu hivyo, mimi nilikuwa chumbani nimefunga mlango nampigia promota simu kumwambia hapana, hatapanda, na mume wangu bado hajui.

Hajui, na amekaa hapa anangoja soli. Promota alibembeleza kwanza, watu wanamtaka yeye na si mwingine, kisha akaniambia basi mwambie wewe, mama, mimi sina uso wa kumwambia, na mimi uso ninao, lakini maneno... nimeshayatunga, nitasema ukumbi umepata matatizo, hapana, ukumbi atakwenda kuuliza, nitasema wamempata mwingine, bingwa mwingine wa zamani, kijana kidogo kuliko wewe, baba, si unajua mambo yao, na yeye atasema aa, na itakuwa imekwisha, uongo mdogo, mlaini, kama kumwambia mtoto kwamba paka amehamia kwa bibi... Wewe fundi unapenda hadithi za kale, anasema dereva wa lori, huyo kijana aliyekaa juu ya kreti akingoja kiatu chake kimoja, mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi yenye tundu, anasema Bawaba, Bawaba, Kipanga angemmaliza kabla hajakaa sawa, huyo mtu wenu alikuwa anapigana na watu waliotoka shambani jioni hiyo hiyo. Fundi hainui hata kichwa. Mwanangu, anasema, wakati Bawaba anauchukua mkanda wewe ulikuwa unanyonya, tena unanyonya kwa shida. Dereva anacheka, mume wangu naye anacheka, kicheko chake kile cha puani, na mimi namtazama kwa pembeni nione anacheka kama mtu anayefuata mazungumzo au anacheka kwa sababu wengine wamecheka, siku hizi lazima nitazame, tofauti iko machoni, leo macho yapo.

Hawamjui, na sishangai. Fundi huyu amehamia hapa juzijuzi, anamkumbuka mtu mwenye shingo nene na kichwa kilichonyolewa, na mume wangu sasa ana ndevu nyeupe na miwani, shati limemzidi mabegani. Fundi alipovipokea viatu aliuliza za nani hizi, mzee, akijisahihisha, vya nani hivi, na mume wangu akajibu ni vya kijana mmoja wa nyumbani, kwa utulivu kabisa, na fundi akavigeuza, akaipapasa soli ya kulia pale kwenye kisigino ilipolika, akasema mwambieni huyo kijana aache ngumi, hatafika mbali, anarudi sana nyuma, kisigino kinasema. Nilidhani mume wangu ataudhika. Akasema nitamfikishia.

Lakini hapa kwangu kuna sheria, fundi anamwambia dereva, anauvuta uzi hadi kifuani, anaukaza kwa meno, huwezi kusema Bawaba tu ukaishia hapo, wala Kipanga tu, sema wa lini, kila mtu anamleta bondia wake kutoka pambano moja, analitaja, na wote tunalikubali, vinginevyo wewe utaniletea Bawaba wa mwisho, yule aliyekuwa ameshachoka, umpambanishe na Kipanga wako wa moto, huo ni wizi. Sawa, anasema dereva, namleta Kipanga wa pambano lile la uwanja wa mpira, aliyempeleka chini yule jitu. Nami, anasema fundi, namleta Bawaba wa mvua... na mimi ninamwona huyo pia, bila kuambiwa, nilikuwepo, paa lilivuja juu ya ulingo, wakatandaza magunia, na yeye alikuwa anapiga ule mkono wa kushoto unaofunguka kuanzia kiwiko kama mlango mzito, unafunguka, unajifunga, na kila ukijifunga mtu mwingine yuko nje, watu walisimama juu ya viti, na alipotoka ukumbini aliniuliza umekula?, hilo tu, mdomo umevimba, umekula? Huyo ndiye Bawaba wa mvua. Huyo, fundi, hata mimi ningemruhusu apande, angepanda na nguo za kazini.

Bawaba wa lini... promota hakuuliza. Promota alikuja sebuleni kwetu, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema mama, watu wanataka kumwona Bawaba, na Bawaba alikuwa amekaa mbele yake anamtazama, lakini promota alikuwa anazungumza na picha ya ukutani, hakutaja siku. Kwa sheria ya fundi ingembidi aitaje. Angesema namtaka Bawaba wa Jumatatu hii, aliyefungua bomba bafuni akasimama akiyatazama maji yakimwagika, na nilipoingia akaniuliza kwa adabu, kama anamuuliza mgeni, eti alikuja kufungua au kufunga. Bawaba wa wiki iliyopita, aliyekwenda dukani kununua sabuni, akarudishwa na binti wa jirani, akiwa ameishika sabuni, sabuni aliikumbuka, njia ndiyo iliyomponyoka. Huyo mpambanishe na nani? Daktari hakusema maneno mengi, alichukua kopo la kalamu lililokuwa mezani pake akalitikisa mbele yetu, kalamu zikagonga huku na huku, akasema kila ngumi kichwani, mama, ni hivi, hata ile ya mchezo, na mume wangu akalitazama kopo akasema kalamu zako zinahitaji kubanwa na kitambaa, daktari, tukacheka sote, daktari akacheka, mimi nikacheka hadi machozi, na ndani ya moyo nikasema hapana, kuanzia siku ile ilikuwa hapana, nilichelewa tu kuitamka.

Na si kwamba anaogopa kusikia ukweli, hiyo ndiyo inayonisumbua, mbona nimemtungia uongo mtu ambaye... siku ya kwanza kumwona alikuja shuleni kumchukua mtoto wa dada yake, jicho moja limefumba kabisa kwa uvimbe, watoto wangu wakamzunguka, mmoja akauliza nani amekupiga, nami nikakimbilia kumkemea, na yeye akachuchumaa ili walione vizuri, akasema amenipiga mtu anayejua kupiga. Hakusema refa, hakusema nilikuwa naumwa, hakusema mngeniona mwezi uliopita. Watoto wakalitazama jicho lile kwa heshima kubwa kuliko walivyowahi kuutazama ubao wangu... Haya mzee, dereva anasema, na ninastuka kwa sababu mzee anayeambiwa ni mume wangu, haya mzee, wewe ni mtu mzima, tuamulie, Bawaba wa mvua na Kipanga wa uwanja wa mpira, nani anaondoka na mkanda? Usimsumbue mzee, anasema fundi. Simsumbui, amekaa kimya kama jaji.

Mume wangu anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati, huwa anaifuta anapotafuta neno, na mimi ninamtafutia, kama ninavyofanya siku hizi, ninaandaa maneno mawili matatu mdomoni nimpe akikwama, lakini hakwami. Kipanga, anasema. Dereva anapiga kofi kwenye kreti. Kipanga, kwa sababu Bawaba akishapiga ule wa kushoto mkono unakaa chini kidogo kabla haujarudi, wakati ule hakukuwa na mtu mwepesi wa kuliona hilo, huyu kijana ni mwepesi, ataliona raundi ya kwanza, raundi ya tatu ataanza kupita pale. Anaivaa miwani. Bawaba atasimama hadi mwisho, anasema, lakini atapigwa.

Umeona?, anasema dereva, umeona, hata wazee wenzako wanakukimbia. Fundi ameacha kushona, amekasirika kweli, sindano iko hewani, anasema mzee, na samahani kwa kukuuliza, wewe ulimwona Bawaba wapi? Nilimwona karibu, anasema mume wangu. Karibu kiasi gani? Karibu sana. Labda ulikaa nyuma ya nguzo, anasema fundi, na dereva anacheka mpaka soksi yake inagusa chini, na mume wangu anacheka, na mimi ninauma midomo, nataka kusema fundi, huyo uliyemshikia viatu... lakini yeye ameniwekea kiganja juu ya mkono wangu, kizito, chenye joto, waache, mkono unasema, waache wacheze.

Kwa hiyo anajua, amelijua siku zote, usiku wote nilioukesha nikifikiri maskini anaota atamshinda kijana wa watu, kumbe ameshajipambanisha mwenyewe kichwani, ameshajihukumu, ameshapoteza, kwa pointi, na bado amevileta viatu. Sasa anataka nini?... Fundi ndiye anayeuliza, kwa ubishi tu, haniulizii mimi, anasema basi kama unajua atapigwa, mzee, ungekuwa wewe ni Bawaba, leo hii uitwe upande na Kipanga, ungekubali ukaaibishwe? Na mume wangu anafikiri, anafikiri muda mrefu, naona macho yanataka kuondoka, yanarudi, anasema kupigwa si neno, fundi. Kupigwa tulizoea. Neno ni ukae nyumbani miaka, halafu wanaita mabingwa wa zamani, na wewe hukuitwa.

Fundi anarudi kwenye uzi wake, dereva anakuna mguu. Na mimi nimekaa na ule uongo wangu mdomoni, wamempata mwingine, baba... huo ndio ungekuwa kule kutoitwa, ungempiga mahali pasipo na glavu, na mimi niliuita mlaini, niliupima kwa namna ungenipitia mimi kooni, sikuupima kwa namna ungemfikia. Ningemwepusha na ngumi za raundi tatu nikamwachia moja ya kila siku, maana hilo angelikumbuka, siku hizi anasahau sabuni na njia na bomba, lakini kilichomuuma hakisahau, najua, kaka yake alimtania mwaka juzi kuhusu miwani na hadi leo anautaja utani ule. Angeamka asubuhi na kusema walichukua mwingine, eti. Kila asubuhi.

Na hatapanda, hilo halibadiliki, fundi shona tu, soli hazitaona ulingo, atavivaa uani kama anataka, hapana yangu ni hapana... ni mwenye hapana tu ndiye niliyetaka kumficha, nikaivisha nguo za promota. Niongezeeni muda kidogo, mama, anasema fundi, hiki cha kulia bado, huyu kijana wenu amekila kisigino chote. Shona tu fundi, hatuna haraka, ninasema, na sauti yangu inatoka kama ya darasani. Mume wangu anauliza tunakwenda wapi baada ya hapa. Nyumbani, baba. Anaitikia kwa kichwa.

Nitamwambia njiani, kwa kuwa akitembea husikia vizuri kuliko akikaa, nitamshika mkono ule wa kushoto, nitasema promota alikuita, alikuja mwenyewe hadi sebuleni, na nilipomkatalia leo asubuhi alikuita tena, alibembeleza, watu wanakutaka wewe na si mwingine. Aliyekataa ni mimi. Atasimama katikati ya njia, atatoa mkono wake mkononi mwangu, labda hataongea hadi kesho, na anune, nimeshanuniwa na madarasa mazima na kengele ililia tukaenda nyumbani. Kesho ataniuliza pambano ni lini, nitamwambia tena, atanuna upya, nitamwambia tena, pole pole, kwa maneno yale yale, kama irabu, mtoto hazishiki siku moja na hakuna aliyewahi kuchapwa kwangu kwa sababu hiyo... basi baba, mengine yote yaache yaende, tarehe iende, ukumbi uende, hata hasira ikichoka iende, ila jambo moja, tafadhali, nishikie, hata kama utalishika kwa kunichukia: walikuita, na mkeo ndiye aliyesema hapana.