Watani wa Mto Uliofukiwa

Kitu cha kwanza alichokiona binti alipokuja kujifunza ushonaji kwa shangazi yake kilikuwa miguu ya wazee. Wakivuka barabara ya mbele ya duka, waliinua pindo la nguo, kidogo tu, ingawa lami ilikuwa kavu.

"Wanavuka mto," shangazi alisema, uzi ukiwa kati ya meno. "Ulipita hapo hapo. Mji wote ulizaliwa kwa maji yake. Baadaye wakubwa wakauingiza kwenye bomba, wakamwaga lami juu."

Mto ulizikwa, utani ukabaki. Watu wa upande huu na wa ng'ambo walitaniana tangu enzi za daraja la magogo, na sheria ilikuwa moja: ukitaniwa, jibu. Asiyejibu amenuna, na aliyenuna huachwa na heshima zake.

Ng'ambo, mkabala na cherehani ya binti, alikaa fundi viatu. Kila asubuhi alimpazia sauti: "Ninyi wa huko! Mto uliwatapika, kisha ukasukutua!"

Shangazi ndiye aliyejibu: "Na ninyi ulijaribu kuwameza, ukapaliwa, ndipo ukafa!"

Binti aliinamia kitambaa chake. Majibu alikuwa nayo, tena makali, ila yalimjia jioni, akiwa peke yake anafagia vipande vya nguo. Lakini siku fundi alipochelewa kufungua, binti, macho yakiwa ng'ambo, alishona mkono wa shati mahali pa kola.

Kisha asubuhi moja fundi akasimama, akavua kofia. "Habari za asubuhi, dada. Natumaini umeamka salama."

Basi. Kesho yake vilevile.

"Siku hizi ana adabu," binti alinong'ona.

"Adabu!" Shangazi alicheka mpaka miwani ikateleza. "Mwanangu, huyo anadhani umenuna. Sasa utaheshimiwa mpaka uote mvi. Mimi nami nilimkalia kimya mmoja wa ng'ambo. Mpaka leo ananisalimu vizuri sana, yeye na mkewe."

Binti akasimamisha cherehani. Akatoka, sindano ingali kifuani, uzi mwekundu ukimfuata nyuma. Hakujua kama barabara ile ilikuwa pana kiasi kile. Fundi alipomwona akainuka haraka, akapangusa kigoda kwa kiganja.

"Karibu, dada. Kuna kiatu kimekatika?"

Binti hakukikalia kigoda. Nyuma yake akamsikia shangazi akikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Basi akalitoa lile alilolitunza jioni zote zile, tena kwa sauti ya kusikika pande zote mbili:

"Mto ulifukiwa kabla mama yangu hajazaliwa. Wewe bado unangoja daraja?"