Mursik ya Jenerali

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nimesema mapema ndio mnicheke mara moja tuendelee.

Uchaguzi ulikuwa umeisha, rais mpya bado hajaapishwa. Wakubwa wa jeshi walikuwa wamejaa Nairobi, isipokuwa shemeji yangu, Luteni Jenerali Kiplimo, ambaye kila mtu alinong'ona ndiye Mkuu wa Majeshi ajaye. Yeye alikuwa kwake Chepsaita, gambuti zimejaa matope, akikaza seng'enge. Simu amezima. Nikajiambia, mtu hakazi ua hivyo bure. Ama amefutwa, ama anapanga jambo.

Jumamosi nikiwa Eldoret kununua dawa ya ng'ombe, wanaume wawili wa suti wakaniita kwa jina. Mimi sikuwajua.

"Ondiek, mpongeze shemeji. Kiti ni chake. Mfanyieni kasherehe, mpige na picha."

Nami mtu wa ziwa, niliyeoa kwa Wakalenjin, nikaona leo ndio nitawaonyesha najua mila. Nikaita majirani, nikabeba kibuyu cha mursik, yale maziwa lala ya kumpokea shujaa akirudi na ushindi.

Tulipofika kwake, Kiplimo alipoona simu zimeinuliwa, alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Zimeni hizo! Ondiek, nani amekutuma?"

"Marafiki zako."

"Wanaitwa nani?"

Hapo nikakumbuka sikuwauliza.

"Wanaoondoka madarakani wakiona hiyo picha, watasema nimewasaliti. Wanaoingia watasema nimejitawaza. Kazi yangu yote iishie kwa kibuyu chako?"

Aibu ikanishika, na mimi nikiaibika mdomo hutangulia akili.

"Kwani unaogopa nini? Nchi nzima inajua kiti ni chako! Ama kuna kitu unatuficha, Jenerali wa Seng'enge?"

Majirani wakaangua kicheko. Simu moja ikaanza kupanda tena. Kiplimo akanitazama vile nadhani huwatazama watu anaotaka kuwafunga. Nikamsogezea kibuyu, nikasema, "Onja tu."

Mama Chepkorir, mama yake Kiplimo, alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Akaja polepole, akaishusha ile simu kwa kiganja, akaninyang'anya kibuyu na kukifunika.

"Baba Bridgit," akaniambia, "wewe hupita Kaptagat kila wiki, wakimbiaji wakifanya mazoezi. Ni mkimbiaji gani umewahi kuona akinyweshwa mursik kabla mbio hazijaanza?"