Mtu wa Kushika Kichwa

Baba Tunu, jirani yangu, anasema ni swila. Anasema alikuwa anafunga ng'ombe wake akamwona nyoka kainua shingo pale kwenye kichuguu, akamtemea punda wangu mate jichoni. Kila anayepita njiani anasimuliwa hivyo, na kila mara nyoka anarefuka kidogo.

Mimi nilikuwa nimetangulia kisimani kushika foleni, punda nimemwacha nyumbani. Niliporudi nilikuta jicho la kulia limefumba kabisa. Lakini lilianza kutoa machozi tangu juzi yake, tulipopita kwenye miba. Nilikuwa namtazama. Tangu mume wangu Shigela aende Igunga kupakia malori ya mpunga, sina mwingine wa kumtazama wala wa kuongea naye. Na bila punda huyo maji hayafiki nyumbani.

Kesho yake jicho likawa na ukungu mweupe na usaha. Nikampigia simu bwana mifugo, Eustace, akaja na pikipiki. Baba Tunu naye akavuka uzio, akamshika punda kichwa.

"Swila huyo, bwana mifugo. Mrefu kama wewe."

Eustace alitia rangi ya njano jichoni, akaisuuza kwa maji safi. Mahali pamoja pakabaki kijani. Akanionyesha: mchubuko kwenye kioo cha jicho.

"Huu mwiba. Na umeshaingia uchafu." Akainua kope, akatoa kwa pamba kitu cha kahawia, akakinusa. "Nani kamtilia tumbaku?"

Baba Tunu hutibu hivyo ng'ombe wake: anatafuna tumbaku, anaitema jichoni. Aliachia kichwa cha punda, akasema ndama wake wamefunguka, akaenda zake.

Eustace aliniachia tyubu ya dawa. "Mara nne kwa siku, usiruke. Matone ya macho ya watu yaliyobaki nyumbani usimtilie, mengine yanazidisha kidonda. Na nzi wasimtue. Ukizembea, jicho limekwenda. Una mtu wa kumshika?"

"Nitapata."

Jioni nilijaribu peke yangu. Akarusha kichwa, dawa ikaishia shavuni. Nikajaribu tena, ikanipaka mimi mkono. Simu ya Shigela haikupatikana.

Nikaenda kwenye uzio. Baba Tunu alikuwa anakamua, kanipa mgongo.

"Shikamoo, baba Tunu."

"Marahaba."

"Punda kwako anatulia. Naomba uje unishikie kichwa, leo na siku zinazofuata. Habari za swila tuziache."

Maziwa yaliendelea kugonga ndoo; alipomaliza, aliiweka kando, akavuka uzio.