Nyota Mfu Iliyofufuliwa na Mkesha wa Sikukuu

Jumatatu, tarehe 23 Septemba mwaka 2019, nyota mfu ilifufuka mjini La Serena, nchini Chile, na keki ya kuipongeza ikaagizwa kabla ya saa nne asubuhi.

Aliyeifufua alikuwa Yasna Cuturrufo, ingawa mwenyewe alikuwa hajajua bado. Kazi yake ilikuwa kusafisha mwanga. Darubini ilikuwa juu mlimani, na waliokesha nayo walikuwa watu wengine. Yeye alikaa ofisini mchana kweupe, mbele ya programu ya zamani yenye maswali mengi kama karani wa mahakama, akiugeuza mwanga wa kila nyota, uliokwisha kutandazwa rangi kwa rangi, uwe mstari mmoja unaosomeka. Mkataba wake ulikuwa unakwisha Ijumaa. Wa kuutia saini upya alikuwa mtu mmoja tu, Daktari Eleodoro Valdebenito, na asubuhi hiyo Daktari Eleodoro alikuwa akicheza cueca, ngoma ya vitambaa ya Wachile, kwenye korido bila muziki, akipunga kitambaa cha kufutia miwani.

"Yasna! Njoo, binti yangu, njoo uone ulichonipikia!"

Kwa miaka ishirini na miwili bwana huyu alikuwa ameifuatilia nyota moja iliyokufa, ambayo mstari wake ulikuwa mtupu kama ubao wa kupigia pasi. Wanafunzi waliiita mchumba wa Daktari, kwa kuwa haikuwahi kumjibu hata mara moja. Sasa kwenye skrini mstari ule ulikuwa na vilima viwili, tena mahali pale pale ambapo haidrojeni hujitambulisha.

"Haidrojeni inawaka!" alisema, huku machozi yakimlengalenga. "Miaka yote hiyo namkodolea macho maiti huyu, leo amenikonyeza. Mara mbili! Saa saba natuma tangazo dunia nzima. Darubini zote kubwa zitaacha shughuli zao zimgeukie yeye. Jina lako linafuata langu. Na mkataba, Ijumaa nakuwekea saini ya miaka mitatu. Mitatu, unasikia?"

"Nimesikia, Daktari. Mungu akubariki."

Furaha ya Yasna ilidumu kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Kisha alivitazama vile vilima vizuri zaidi. Vilikuwa vipana chini na vyembamba juu, na umbo hilo alilijua. Alikuwa ameliona Jumanne iliyopita, limepinduliwa.

Kila usiku, pamoja na nyota wanazozichunguza, watu wa mlimani hupima nyota ya kipimo. Hiyo ni nyota ambayo nguvu ya mwanga wake inajulikana na imekwisha kuandikwa katika jedwali, mfano wa jiwe la mizani lisilobishaniwa sokoni. Programu hulinganisha mwanga uliopokewa na ule wa jedwali, ikajua hewa na vioo vimekula kiasi gani katika kila rangi, kisha ikazifidia nyota nyingine zote. Tatizo ni kwamba nyota ya kipimo nayo ina mabonde yake ya haidrojeni, yaani mahali ambapo haidrojeni imemeza mwanga, na jedwali limeandikwa kwa hatua pana zinazoyaruka. Kwa hiyo msafishaji hana budi kuzifuta nukta za mstari zilizotumbukia bondeni, moja baada ya nyingine, yapata arobaini. Asipozifuta, programu hudhani darubini ni dhaifu mahali hapo, nayo kwa huruma yake huziongezea nyota zote mwanga zisiokuwa nao.

Jumanne ile, tarehe kumi na saba, ilikuwa mkesha wa sikukuu ya taifa. Shemeji yake alikuwa nje akipiga honi, gari limejaa empanada za moto, sambusa za Kichile. Yasna alifuta nukta tatu. Programu ikamuuliza kama ameridhika. Akajibu ndiyo.

Sasa aliinuka, akaenda kantini. Shangazi Tencha, mpishi, alikuwa akiichora ile keki kwa manjar, maziwa mazito yaliyopikwa na sukari, ulimi umemtoka pembeni kwa umakini.

"Mbona uso umekuwa kama wa aliyemeza nzi?" aliuliza Tencha. "Tazama vilima hivi. Daktari kanipa picha, kasema nisikosee hata kidogo."

"Shangazi, hivyo vilima havipo."

"Havipo? Nimevichora sasa hivi!"

"Nyota haijafufuka. Nimekosea mimi."

Tencha aliweka kijiko chini. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza mpaka Ijumaa. Saini kwanza, toba baadaye. Hata watakatifu walikula kabla ya kuungama."

"Akituma, dunia nzima itaitazama nyota hiyo wiki hii hii na kukuta ubao wa pasi. Watamcheka mpaka kaburini."

"Na wewe usipokuwa na kazi, atakayecheka nani?" Tencha akasonya. "Nenda, nenda. Nakuona umekwisha kuamua, umekuja tu kunivurugia keki."

Ilikuwa saa tano na nusu. Yasna alijua kwamba maneno matupu hayangemtoa mzee yule kwenye ngoma yake, ilimpasa kumwonyesha. Kila jioni watu wa mlimani huwasha taa ya kawaida, wakaipiga picha inapomulika ukuta wa ndani wa kuba la darubini. Taa haina haidrojeni. Mstari wake hauna hata tuta. Yasna aliuchukua mwanga wa taa ya Jumanne, akaupitisha katika fidia ile ile aliyoipitishia nyota, akaubeba kwenye kompyuta mpakato hadi ofisi ya Daktari.

"Na huyu naye amefufuka?" aliuliza.

Daktari aliinama. Akaviona vilima viwili. "Huyu ni nani? Ni nyota gani nyingine hii?"

"Ni taa ya kwenye kuba, Daktari. Ilinunuliwa dukani."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa kile kitambaa cha ngoma, akaivaa tena. Taa ilikuwa bado inamkonyeza.

"Ulifuta nukta ngapi?"

"Tatu."

"Tatu! Ng'ombe angefuta tano kwa mkia! Nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu, karatasi iko ukutani juu ya meza yako: FUTA MABONDE KWANZA!"

Walikwenda wote wawili kuitazama. Karatasi ilikuwapo kweli. Ilikuwa imefunikwa tangu mwanzo wa mwezi na bendera za karatasi za sikukuu, ambazo Daktari alizipachika mwenyewe, amesimama juu ya kiti cha Yasna. Mzee alizibandua bendera taratibu, akazikunja, akazitia mfukoni.

"Tangazo?" Yasna aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tangazo gani?"

Mchana ule watu kumi na mmoja walikusanyika kantini kula keki ambayo hawakuambiwa ni ya nini. Shangazi Tencha alikuwa ameupitishia mstari ule kisu, vilima vikaondoka, ukabaki ubao wa pasi mtamu sana. Daktari alimtumia Yasna salamu kupitia kwa Tencha, na aliendelea na mtindo huo kwa siku nne, ingawa ofisi zao zilitazamana. Ijumaa mkataba ulirudi na saini. Haukuwa wa miaka mitatu, ulikuwa wa miezi sita, na chini yake palikuwa na mstari mmoja wa wino: "Mkesha wa sikukuu hakuna kusafisha mwanga. Wala kupachika bendera. E.V."

Yasna alikaa, akaifungua kazi ya Jumanne, akafuta nukta arobaini na moja.

Nawe uliyefika hapa, kisa hiki usikifungie kabatini. Mpe mtu mmoja unayemjua ambaye huulizwa kama ameridhika, naye hujibu ndiyo huku honi ikilia nje.