Mleteni kwa Hiari

Mkutano wa nchi tatu wa kukomesha matibabu ya lazima kwa wagonjwa wa akili ulichelewa kuanza kwa sababu mgonjwa alikataa kuja.

Wajumbe wa Tanzania, Zambia na Malawi walikuwa wameshakaa kwenye ukumbi wa hoteli pale Tunduma, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mbele kulikuwa na kiti chenye kibandiko "Mwenye Uzoefu", cha mtu aliyewahi kutibiwa kwa lazima. Kilikuwa kitupu, na kamera ya televisheni ilikuwa inakitazama.

Mratibu wetu, Bwana Shadrack, aliniita pembeni. Mimi ni afisa ustawi mpya, na kila kazi yangu huanzia pembeni.

"Atupele, nenda Nanyala na gari. Mlete Enesi."

"Ameshasema hataki, mkuu."

"Ndiyo maana nakutuma wewe, una sauti ya upole. Mlete kwa hiari. Lakini mlete."

Akaniongezea nesi Hezron, mwenye mabega ya kubebea magunia ya kahawa.

Enesi tulimkuta kando ya barabara kuu, anasukuma chapati za madereva wa malori. Alipoliona gari la hospitali, mikono yake ilisimama juu ya unga.

"Shikamoo, dada Enesi."

"Marahaba. Si tulishaongea kwenye simu?"

"Tuliongea, dada."

"Mlisema watu wachache na chai. Leo nasikia kuna televisheni. Mdogo wangu, mwaka ule nilipofungwa kamba nikapakiwa kwenye pikapu, Nanyala nzima iliona. Ilipita miaka kabla mtu hajagusa tena chapati yangu. Sasa wanakula. Unataka nikawakumbushe?"

Hezron alijibu kabla yangu.

"Dada, gari lina kiyoyozi. Mchana kuna kuku. Mtu mwenye akili timamu hakatai kitu kama hicho."

"Nimekataa."

"Unaona?" Hezron aliniambia kitaalamu. "Kukataa nako ni dalili."

"Na mkeo akikukatalia, huwa mnamlaza wodi gani?" Enesi aliuliza.

Dereva wetu aliinamia usukani akicheka. Lakini majirani walikuwa wameshaanza kutoka. "Jamani, amerudiwa," mama mmoja alisema kwa huruma. Dereva wa lori aliyekuwa akila aliirudisha chapati kwenye sahani, taratibu, asionekane.

Nilimpigia Bwana Shadrack, nikamwambia bado anakataa, naye akapeleka swali ukumbini: je, kumshika mkono ni nguvu? Simu ikiwa wazi tuliwasikia wakijadili. Mmoja alisema kwao ndugu akiomba inatosha. Mwingine alisema kwao ni mpaka madaktari wawili. Wa tatu alisema sheria yao ni nzuri sana, ila kanuni zake bado zinaandikwa. Mwisho wakaafikiana kwamba kumshika mtu mkono si nguvu, mradi anayeshika amejitambulisha.

"Naitwa Hezron," alisema Hezron, akanyoosha mkono.

Enesi alirudi nyuma mpaka akagusa jiko. Hakupiga kelele. Nadhani alijua kelele zingeandikwaje kwenye faili lake.

Sijui nilitoa wapi sauti. Niliwageukia majirani nikasema, "Tumekuja kuchukua chapati za mkutano. Dada, tufungie zote."

Kisha yule mama akasema, "Kumbe ni oda," na dereva wa lori akaichukua tena chapati yake. Enesi alifunga chapati bila kunitazama. Alinikabidhi zikiwa kwenye ndoo, akarudi kwenye unga wake.

Ukumbini, Bwana Shadrack aliitazama ndoo, akakitazama kiti, akanitazama mimi.

"Kaa hapo kwa muda, kisionekane kitupu. Usiongee."

Nikakaa. Mjumbe mmoja mgeni, mama wa makamo mwenye miwani, akaniinamia kwa upendo. "Dada, walipokuja kukuchukua, ulijisikiaje?"

Nilitaka kusema mimi ni afisa ustawi. Lakini ningesema hivyo, gari lingegeuza kurudi Nanyala, na safari hii bila mimi.

"Walikuja na gari," nilisema. "Niliwaambia sitaki. Wakasema kukataa ni dalili. Majirani walikuwa wanaona."

Hezron alikuwa akikagua viatu vyake. Wajumbe wakasimama wakapiga makofi, wengine wakifuta machozi. Bwana Shadrack alipiga zaidi ya wote, kisha akatangaza mapumziko ya chai na chapati.

Jioni taarifa ya habari ilinionyesha vizuri sana. Chini ya uso wangu paliandikwa: "Amepona." Enesi hakutajwa popote.

Haukupita muda, mama mwenye nyumba wangu, Mama Germana, akabisha hodi na bakuli la uji.

"Mbona hukutuambia, mwanangu?"

"Mama, mimi siumwi."

"Najua, najua," alisema kwa upole, akinipapasa bega. "Kunywa uji."

Alipotoka aliondoka na kisu changu cha nyanya, wembe, na kamba ya kuanikia nguo. Kisha nikasikia akiwanong'oneza wapangaji wenzangu uani wasinibishie neno lolote nitakalosema.