Santuri Aliyoikalia Msoma Mita

Msoma mita ndiye aliyeikalia. Hakuna wa kumsingizia: si paka, maana hawana paka, wala si mtoto, ambaye wakati huo alikuwa mgongoni kwa mama yake. Baba mtu alirudi kutoka kazini miguu inawaka moto, akajitupa kwenye kochi mzima mzima, na chini yake kitu kikalia ka! Aliponyanyuka, santuri ilikuwa vipande viwili na uso wake umemshuka.

Sasa utasema santuri ni santuri, si zipo nyingine? Subiri kwanza. Binti yao, ambaye nyumbani wanamwita Bosi kwa kuwa hakuna anayefanya lolote pale bila ridhaa yake, tangu azaliwe hakuwahi kulala mpaka apigiwe santuri ile. Ni muziki wa mashine mtupu, hauna mwimbaji wala neno hata moja. Besi inatembea polepole kama mtu aliyeshiba, na juu yake vikengele vinadondoka kimoja kimoja. Baba yake aliinunua kabla mtoto hajazaliwa, maana ndiyo aina ya muziki anayoipenda. Kutwa anabishana na watu kwenye mageti yao kuhusu maji waliyotumia, akirudi nyumbani anataka kitu kisichomjibu. Basi Bosi akiisikia besi hiyo, macho yanalegea, kichwa kinaanguka begani, kwisha. Nyimbo za kubembeleza? Waliwahi kumwimbia, akawatazama kama watu waliokosea nyumba.

Na Bosi asipolala, mama yake halali. Hapo ndipo penye kazi. Mama mtu anaendesha kreni kwenye yadi ya makontena. Anakaa juu kabisa, kwenye kibanda cha vioo, na chini yake watu wanapita na kofia zao ngumu wakiamini kwamba aliye juu yuko macho. Wiki ile santuri ilipovunjika alisinzia, kidogo tu, kontena likiwa hewani. Halikumwangukia mtu. Lakini msimamizi alimwita pembeni akamwambia, tena kwa upole, kwamba akisinzia mara nyingine atateremshwa na hatapanda tena.

Alimweleza mumewe akiwa bado amesimama mlangoni, buti hajavua. "Kufukuzwa si kitu," alisema. "Nimefumbua macho nikaona watu wako chini yangu."

 Msoma mita alichukua simu akaanza kuitafuta santuri mtandaoni.

Mtandaoni kwa nini, wakati duka lililomuuzia ile ya kwanza liko mtaa wa pili, unafika chai yako haijapoa? Hapo sasa. Duka ni la Mama Sindano, chumba chembamba chenye makasha ya santuri mpaka mlangoni, mashine ya kusikilizia juu ya kaunta, na hedifoni iliyofungwafungwa kwa utepe wa gundi. Msoma mita alikuwa na mchezo wake. Anaingia, anavaa hedifoni, anasikiliza mpaka anatosheka, halafu anapiga picha jalada kwa kuibia na kwenda kuagiza mtandaoni kwa nusu ya bei. Mama Sindano si mjinga. Siku moja, duka limejaa, akamwambia, "Baba, ukimaliza kupiga picha niambie, nikuwekee na maua." Watu wakacheka. Yeye badala ya kucheka nao akapandisha hasira. Akamwambia mama wa watu kwamba bei zake ni wizi wa mchana, kwamba anauza vumbi, na kwamba pale hatakanyaga tena hata akifa. Akatoka amefura. Maneno kama hayo ukishayatema huwezi kurudi kuyalamba, au ndivyo alivyodhani.

Basi akaagiza mtandaoni, akalipa zaidi ili ije haraka. Siku za kusubiri kifurushi hicho sitaki hata kuzisimulia. Ndani ya kile chumba na sebule walipokezana mtoto kutoka bega hadi bega, kutoka jikoni hadi sebuleni, mmoja akikaa mwingine anasimama. Msoma mita akawa hatulii hata akiwa peke yake; anakunywa maji ilhali hana kiu, anafungua mlango hakuna aliyebisha. Kazini alisoma mita ya nyumba moja akaandika kwenye jina la jirani.

Kifurushi kilipofika walikichana wote wawili kwa pupa. Msoma mita aliitazama karatasi ya katikati: jina lilelile, mtengenezaji yuleyule, na kwa maandishi meusi imeandikwa 45, yaani kasi ya kuizungusha. Akasogeza kitufe cha mashine yake ya santuri mpaka kwenye 45, kama ilivyoelekezwa, akashusha sindano.

Mungu wangu. Besi ilitoka mbio kama imefukuzwa na mbwa, na vile vikengele vikageuka sahani zinazoanguka jikoni. Bosi akatumbua macho, akavuta pumzi, akapiga ukelele uliowatoa majirani nje.

"Si huu," mkewe alisema.

"Ndio huu. Umeandikwa."

"Nimekwambia si huu. Muziki wenyewe mimi nimemzaa nao huyu." Akaufuatisha kwa mdomo, taratibu, akiyumba na mtoto, na kwa muda mfupi hata Bosi akatulia kumsikiliza. Lakini mdomo wa mtu hauna besi.

Msoma mita ni mtu wa namba. Kila siku watu wanamwapia kwamba mita yao inadanganya, kwamba walikuwa safari, kwamba bomba lenyewe halitoi maji, naye anawajibu jibu moja, kwamba mita haina sababu ya kumdanganya. Na hii karatasi vilevile haikuwa na sababu. Kwa hiyo mwongo ni muuzaji. Akampa nyota moja, akamwandikia maneno ya kumtoa mtu machozi, kwamba amechukua muziki mwingine akaubandika jina la watu. Muuzaji akajibu kwa adabu, mpendwa mteja, santuri hiyo ndivyo ilivyo. Akaagiza ya pili kwa muuzaji mwingine. Ikaja, na yenyewe ikakimbia. Akausikiliza muziki huohuo kwenye simu, ukakimbia. Dunia nzima ilikuwa imekubaliana upande mmoja, na upande wa pili walibaki watu watatu wasio na usingizi.

Usiniulize kwa nini hakujaribu hiki wala kile. Mtu aliyelala vizuri ana majibu ya kila kitu.

Jumamosi alasiri mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda, macho mekundu. Kesho yake alfajiri alikuwa na zamu. Akasema bila kupandisha sauti, "Nenda kwa Mama Sindano."

"Siendi."

"Basi kesho kapande kreni wewe."

Akaenda. Alimfunga Bosi kifuani, akatia kwenye mfuko zile santuri mbili za mtandaoni pamoja na kipande cha ile iliyovunjika, kile chenye karatasi ya katikati, ili akaonyeshe ushahidi. Njiani mtoto analia, yeye anasema naye, watu wanawapisha. Alifika dukani akapitiliza. Akarudi, akapitiliza tena. Kwenye ukuta wa duka la dawa la jirani kuna mita. Akasimama akaisoma, na wala haikuwa siku yake ya kuisoma. Aliogopa, jamani, tuseme ukweli. Mtu mzima mwenye sare na kitambulisho alimwogopa mwanamke mmoja na maneno yake mwenyewe. Lakini akafikiria wale wenye kofia ngumu wakipita chini ya kontena, akaingia.

Mama Sindano aliinua macho kutoka kwenye kasha alilokuwa akilipanga. "Karibu," alisema. "Kamera umekuja nayo?"

"Nimekuja kuomba msaada, mama," alisema msoma mita. "Na yale niliyoyasema siku ile yalikuwa ya kipumbavu."

Mama alimtazama, akamtazama Bosi aliyekuwa amejikunja kwa kilio, akaacha kasha lake. Msoma mita akamweleza yote, kochi, kreni, msimamizi, nyota moja, mpaka akaishiwa pumzi. Mama Sindano hakucheka. Alichukua moja ya zile mpya, akaiweka, ikakimbia, Bosi akapiga ukelele. Akaizima. Akaomba kile kipande.

Kwenye karatasi ya katikati ya kipande hicho kulikuwa na stika ya bei ya duka lake, ya njano, imefifia, na msoma mita hakuwa amewahi kuibandua kwa kuwa haikumsumbua. Mama Sindano aliitazama kidogo, akatabasamu upande. Akaanza kuikwangua kwa ukucha, polepole, ikatoka vipandevipande. Chini yake kulikuwa na namba.

"Arobaini na tano," msoma mita aliisoma kwa sauti, kwa mazoea ya kazi tu. 

"Na nyumbani ulikuwa unaipiga kwa ngapi?"

Ndipo alipokumbuka. Mashine yake tangu aipate ilikuwa kwenye thelathini na tatu, kasi ya santuri zake nyingine zote kubwa. Kitufe chake hakuwahi kukigusa mpaka siku ya kifurushi. Mama Sindano alinyoosha kidole kimoja, akabonyeza kitufe cha mashine yake mpaka thelathini na tatu, akashusha sindano juu ya santuri ileile mpya.

Besi ikaja inatembea. Kikengele kimoja kikadondoka, kikafuata kingine. Bosi akakata kilio katikati, akageuza shingo kutafuta inakotoka sauti, akamtazama Mama Sindano kwa muda kama anayemkagua. Macho yakalegea. Kichwa kikaanguka kifuani kwa baba yake, puh, na mkono mdogo ukafunguka ukaacha ukosi aliokuwa ameukamata.

Msoma mita alisimama palepale, hathubutu hata kuhamisha mguu. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke.

Mama Sindano akamweleza kwa sauti ya chini. Zilipomfikia santuri hizo alizipiga kwa kasi iliyoandikwa, na hakuna aliyevumilia kusikiliza hata nusu. Zikakaa. Siku moja akasahau kitufe kwenye thelathini na tatu, akaendelea kufagia, na wateja waliokuwa wakipekua wakaacha kupekua. Kila mtu anauliza ni nini hicho. Kuanzia hapo akawa anaipiga hivyo tu, na stika akaibandika juu ya namba, mtu asije akafika nyumbani akaisahihisha.

"Kwa hiyo uliniuzia kosa," alisema msoma mita.

"Nilikuuzia ulichokisikia," alijibu Mama Sindano. "Waliotengeneza hawajui walichotengeneza. Mimi nifanyeje?"

Alitaka kukasirika, nia alikuwa nayo, lakini hasira inataka mtu aliyelala. Akampigia simu mkewe, akinong'ona. "Amelala."

"Nani?"

"Bosi. Kalala fofofo. Ni kasi, nitakueleza. Kuisogeza kasi ndiko kulikoharibu."

Upande wa pili kimya. Alidhani amekata. Halafu akasikia pumzi, nzito, ndefu, na baada ya pumzi mkoromo. Wahenga walisema aliyelala usimwamshe. Akaitia simu mfukoni bila kuikata.

Santuri ilipofika mwisho Bosi alijinyonganyonga, na msoma mita akaruka akairudisha sindano mwanzo kabla mwenye duka hajageuka. Akakaa pembeni ya mashine. Mama Sindano akamsogezea kigoda, akarudi kwenye makasha yake.

Hapo akaingia mteja, mwanamume mwenye kofia ya pikipiki kwapani. Alisimama, akasikiliza, kichwa kikaanza kufuata mwendo wa besi. Akatoa simu akaielekeza kwenye spika ili imtambulishie wimbo. Simu ikafikiri, ikafikiri, ikashindwa. Akamsogelea msoma mita, akidhani ndiye mwenye duka, akamuuliza wimbo huo unaitwaje.

Jina analijua kwa moyo. Ameliandika mara ngapi kwenye malalamiko yake. Akilitaja tu, mtu huyu ataipata mtandaoni kwa nusu ya bei kabla hajafika nje, na kitakachomfikia nyumbani ni ile inayofukuzwa na mbwa.

"Jina halitakusaidia," alinong'ona. "Muulize mama."

Mama Sindano alikuwa amesikia. Alitazama ule mfuko uliokuwa miguuni pa msoma mita, akapandisha nyusi. Msoma mita akauelewa uso huo, akatoa ile santuri ya pili, akampa. Mama akaipangusa kwa kitambaa taratibu, akabandua stika moja ya njano kwenye karatasi yake ya stika, akaandika bei. Kisha akaibandika katikati, juu ya namba hasa, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka kingo zikashika.

Kazini kwake, mtu akifunika mita anaandikiwa faini, na ameshawaandikia wengi bila huruma. Aliitazama namba ikipotea. Mfukoni mkewe bado alikuwa anakoroma. Msoma mita akageukia mashine, akainua sindano, akairudisha mwanzo.