Hita Juani

Mwalimu wa hesabu alinunua gari kubwa lenye umri wa miaka kumi na tisa, na kwa wiki tatu akaringa nalo mtaani kama vile amelizaa yeye. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mkewe, aliyetaka wanunue dogo lenye afya, aliambiwa kwamba magari ya zamani ni chuma kitupu, siyo haya mabati ya siku hizi. Akanyamaza. Ila mke anayenyamaza namna ile hajashindwa, anasubiri tu.

Wiki ya nne gari likaanza vituko. Oili ikavuja. Vioo vya nyuma vikagoma kushuka. Na kila likipanda mlima, maji yakachemka. Fundi akachungulia ndani ya rejeta inayopoza maji ya injini, akaguna.

"Imeziba, mwalimu. Tuibadilishe upesi, kabla hujaunguza injini."

"Wiki ijayo, fundi. Alhamisi nampeleka mama kupasuliwa jicho."

"Basi mlimani mshale wa joto ukipanda, fungulia hita yote. Itavuta joto la injini na kulileta ndani. Mtaiva kidogo, lakini mtafika."

Huo ni ujanja wa kweli wa mafundi. Ubaya wake ni kwamba walio ndani watataka kujua kulikoni.

Mama yake mwalimu alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshazima, la kushoto likiona vivuli tu, na wajukuu aliwatambua kwa vishindo vya miguu. Alikuwa ameingoja Alhamisi hiyo kwa miezi saba. Asubuhi alikaa kiti cha nyuma na mkwewe, amejipaka mafuta, anauliza kila mara kama wamekaribia.

Walipoanza kupanda mlima, jua lilikuwa limeshachachamaa. Mwalimu aliutazama mshale kuliko barabara. Ukapita katikati. Akapunguza mwendo, ukazidi kupanda. Kila mlio wa chini ya boneti akausikia kama hukumu. Akafungulia hita yote.

"Baba watoto!" mkewe akasema. "Hita, na jua hili?"

"Ni kwa ajili ya magoti ya mama. Yanataka joto."

"Mwanangu ananijali," mama akasema, na ili kumfurahisha akajifunga shali yake ya sufu vizuri zaidi.

Mwalimu aliona aibu mpaka masikioni, lakini mshale ulikuwa unashuka, kwa hiyo hakuigusa tena swichi ya hita. Kwa dakika arobaini wakaenda hivyo, vioo vya nyuma vimefungwa, mkewe akijipepea na bahasha ya hospitali. Mama hakulalamika hata mara moja. Alikaa na shali yake, uso umemvimba kwa joto.

Walifika dakika kumi kabla ya saa nne waliyopangiwa. Mwalimu alikaribia kulibusu gari.

Muuguzi akamwekea mama kipimajoto, akakisoma, akakunja uso. "Thelathini na nane na nusu. Homa hii imeanza lini?"

"Sina homa, mwanangu," mama akasema.

"Inaonekana kuna maambukizi, na mwenye homa hatumpasui." Akamgeukia mwalimu. "Au alikuwa mahali penye joto kali?"

Mwalimu alimwona mkewe akimtazama. Akazikumbuka zile wiki tatu za kutamba, chuma kitupu, mabati ya siku hizi. Kulikuwa na neno moja tu la kusema: ndiyo.

"Hapana," akajibu.

Muuguzi akakata jina kwenye orodha, akamwita mzee wa akiba aliyekuwa akingoja nafasi kwenye benchi la korido, akaingia naye ndani. Mlango ukafungwa. Mwalimu akasimama pale akihesabu pumzi zake, dakika moja, mbili, tano, mpaka aibu ikashindwa na hofu, akaugonga mlango kwa ngumi.

"Dada, samahani! Nilisema uongo. Gari bovu, lilikuwa linachemka, nilimfungulia hita njia nzima. Hana homa!"

Muuguzi akafungua mlango nusu. "Ungeniambia palepale, ningemkalisha penye upepo nusu saa, akapoa, nikampima tena. Sasa mwenzake ameshapigwa sindano ya ganzi, na ndiye wa mwisho leo."

"Nafasi nyingine ni lini?"

"Miezi mitano."

Alipogeuka, mama alikuwa amesimama nyuma yake, amesikia yote. Akanyoosha mkono kutafuta wa kushika, na mwalimu akaupa wake haraka. Mama akaupapasa, akautambua, akauachia. Akatafuta tena mpaka akaupata wa mkwewe.

"Siku hiyo," akasema, "nitapanda basi."